Adui Aliyekubali Kuanguka: Hotuba Kuhusu Wanamieleka na Mashabiki Wao

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, wazazi, walimu, na ninyi vijana ambao naona mmekuja na fulana za mashujaa wenu,

Nawashukuru kwa kunialika. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie wema wa wanamieleka wa kulipwa kwa mashabiki wao, pale wanapokuwa nje ya uhusika wao. Nilipoisoma nilijua kwamba nusu ya ukumbi huu ingekuja kunisikiliza na nusu nyingine ingekuja kunipinga, kwa sababu mieleka ya runinga haijawahi kuwa na sifa njema mbele ya wazazi wetu. Wapo wanaolalamika kwamba watoto wanarukiana vitandani mpaka chaga zinavunjika. Wapo pia wenye hoja nzito zaidi, wanaosema kwamba mchezo wenyewe ni wa kupanga, kwamba mshindi hujulikana kabla kengele haijalia, na kwamba mtu anayekula kwa jasho la kuigiza hasira hawezi kuaminiwa anapomkumbatia mtoto mgonjwa mbele ya kamera.

Hoja hiyo ya pili ndiyo nitakayoijibu jioni hii. Kuhusu chaga sina la kusema, isipokuwa kuwashauri mtandike godoro chini.

Msimamo wangu ni huu. Wema wa wanamieleka hautoki nje ya kazi yao, kana kwamba mtu huvua ukatili pamoja na buti zake, akaoga, kisha akatoka barabarani akiwa binadamu kama sisi. Unatoka ndani ya kazi yenyewe, na anayeijua kazi hiyo kwa karibu hashangai kuwaona watu hawa wakiwa wapole kwa watoto. Pengine angeshangaa zaidi kama wasingekuwa hivyo.

Tuanze ulingoni. Mtazamaji huona mtu wa kilo 120 akiinuliwa juu ya kichwa cha mwenzake na kubwagwa chini kwa kishindo. Asichokiona ni kwamba anayeinuliwa ndiye anayesaidia kuinuka: huruka kidogo kwa wakati unaofaa, hukaza tumbo, na kuegemeza mkono begani au kiunoni mwa anayemwinua ili uzito ugawanyike. Wakati wa kushuka hukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge sakafu, na hupiga sakafu kwa mikono iliyonyooshwa ili pigo lienee mgongo mzima badala ya kukaa mahali pamoja. Anayembwaga naye hayuko huru kufanya apendavyo, maana ni yeye anayeamua kama shingo ya mwenzake itafika chini salama. Wanapokuwa wamekabana sakafuni, mmoja hubinya kiganja cha mwenzake kwa siri, na mwenzake hujibu kwa kubinya. Asipojibu, kuna jambo. Hapo mwamuzi huinua mikono na kuikutanisha juu ya kichwa chake katika alama ya X, na wahudumu wa afya huja mbio, na hadithi yote ya usiku ule husimama.

Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 15 amezoea jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: kuushika mwili wa mtu mwingine kila usiku akijua kwamba kosa dogo litamlemaza, na kumfanya mwenzake aonekane mkubwa hata pale ambapo yeye mwenyewe ataonekana mdogo. Tena aliyepangiwa kushindwa ana kazi ngumu kuliko aliyepangiwa kushinda, kwa sababu ni namna anavyoanguka, anavyogugumia na anavyoshika mbavu zake ndiyo inayoufanya ushindi wa mwenzake uaminike. Nawaomba mlishike jambo hilo la kuanguka, kwa sababu mfano wangu wa kwanza unalihusu.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 kulikuwa na mtoto wa miaka 8, mkazi wa Pittsburgh nchini Marekani, aliyekuwa akiugua saratani ya ubongo na uti wa mgongo. Steringi wake, kama tulivyozoea kusema katika vibanda vya video, alikuwa Daniel Bryan, mtu mfupi kwa vipimo vya mchezo huo, mwenye ndevu nyingi, ambaye hadithi ya wakati ule ilimwonyesha akinyimwa haki yake na wakubwa. Adui wa hadithi alikuwa Triple H. Jina lake halisi ni Paul Levesque, na katika maisha ya kawaida pia alikuwa mmoja wa viongozi wa kampuni ya mieleka ya WWE, jambo lililorahisisha kumwigiza bosi dhalimu. Zipo picha za video za mtoto yule akiwa ulingoni na Triple H. Mtoto anarusha ngumi moja. Levesque, mwenye uzito unaozidi kilo 110, anaanguka chali kama mnazi uliokatwa shina. Mtoto anamlalia kifuani, na hesabu inapigwa: moja, mbili, tatu.

Tarehe 6 Aprili 2014, katika uwanja mkubwa wa New Orleans, Bryan alimshinda Triple H na baadaye usiku huohuo akatwaa ubingwa, kisha akashuka na kumkumbatia mtoto yule aliyekuwa ameketi karibu na ulingo. Mtoto alifariki dunia tarehe 25 ya mwezi huohuo. Levesque na mkewe, Stephanie McMahon, walianzisha mfuko wa Connor's Cure, uliobeba jina la mtoto yule, kwa ajili ya utafiti wa saratani za watoto.

Watu wengi wanapoisimulia habari hii husimulia kumbatio la Bryan, na ni haki yao, kwa sababu lilikuwa jambo zuri. Mimi hunigusa zaidi kuanguka kwa Triple H. Bryan alikuwa steringi, na kumkumbatia mtoto kulimpa sifa. Levesque alitumia ustadi uleule aliokuwa akiutumia kuwakuza wenzake kwa miaka 20, akautoa kwa mtoto asiyeweza kumlipa chochote, na akautoa kwa ukamilifu: hakuanguka kwa kucheka, wala hakumkonyeza mtu pembeni. Alianguka kama anavyoanguka mbele ya maelfu. Mtoto alipewa heshima ya kupigana na adui wa kweli.

Wema wa namna hiyo haukuweza kuonekana hadharani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na sababu yake inafaa kuelezwa, hasa kwa vijana waliozaliwa baada ya siri ya mchezo kuvuja. Zamani mwanamieleka aliyekuwa adui ulingoni alipaswa kubaki adui kituo cha mafuta, hotelini na kanisani. Steringi na adui hawakupanda gari moja wala kula meza moja mbele ya watu. Watazamaji waliamini, na imani yao ilikuwa na makali: Freddie Blassie na Roddy Piper ni miongoni mwa waliochomwa visu na watu waliokasirishwa na uovu wao wa kuigiza. Katika mazingira hayo, adui aliyemchekea mtoto asubuhi sokoni aliharibu mapato ya jioni, na si yake peke yake, bali ya wenzake wote waliotegemea viingilio vya mlangoni.

Ndiyo maana wema wa enzi hizo mara nyingi ulielekezwa kwa wenzao wa kazi. Tarehe 4 Oktoba 1975 ndege ndogo iliyokuwa imewabeba wanamieleka ilianguka karibu na Wilmington, katika jimbo la North Carolina. Rubani alifariki kutokana na majeraha, Johnny Valentine alipooza, na kijana mmoja aliyeitwa Ric Flair alivunjika mgongo. Ndani ya ndege hiyo alikuwamo pia Tim Woods, steringi wa eneo lile, akisafiri pamoja na watu ambao mashabiki waliamini wangemuua wakimpata. Alipoulizwa hospitalini alitoa jina lake la kuzaliwa, George Woodin, na kudai kwamba yeye ni promota tu. Haukupita muda mrefu akarudi ulingoni, angali na maumivu ya ajali, ili uvumi wa kwamba alikuwamo ndegeni ufe. Wako watakaoona kuwa huo ni upumbavu, kuvumilia maumivu kwa ajili ya kulinda hadithi. Mimi naona mtu aliyejua ni familia ngapi zilikula kutokana na hadithi hiyo.

Mwaka 1987 mambo yalianza kuchekesha. Polisi wa New Jersey walisimamisha gari wakawakuta humo Jim Duggan, mzalendo aliyepanda ulingoni na bendera ya Marekani, na Iron Sheik, Mwirani aliyeitemea mate Marekani kila Jumamosi, wakisafiri pamoja kwa amani. Walikutwa pia na vitu vilivyokatazwa, lakini nasadiki kwamba kilichomuudhi mwajiri wao zaidi ni ile amani. Miaka miwili baadaye, kampuni hiyohiyo iliwaambia wabunge wa jimbo hilo waziwazi kwamba mieleka yake ni burudani, ili isiwekwe chini ya kanuni zinazotawala michezo kama ndondi. Ukweli ulisemwa kwa sababu ya fedha. Hata hivyo, kuanzia hapo adui aliweza kuingia wodi ya watoto bila mtu kudai kwamba ameua biashara.

Upo mfano unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, na unatuhusu kwa njia chungu. Mwaka 1982 mapromota wa Memphis walimchukua James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1950, aliyewahi kuendesha malori, wakampaka rangi usoni, wakamchorea nyota na miezi tumboni, wakamvua viatu, wakamfunga ngozi ya chui kiunoni na kumpa mkuki na ngao. Wakamwita Kamala, Jitu la Uganda. Watangazaji waliwaambia watazamaji kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin na kwamba alikula watu. Ilikuwa dharau kwa Waganda, ilikuwa dharau kwa Waafrika wote, na sioni haja ya kuilainisha kwa sababu eti ilikuwa burudani. Mtu mweusi wa Kusini mwa Marekani alipewa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kupata kwa sharti kwamba aigize mshenzi.

Nawaomba mfikirie upande mmoja wa jambo hili ambao haufikiriwi sana. Kamala hakuruhusiwa kuzungumza. Alikuwa akiguna, akijipiga tumbo na kuzungusha macho, na alikuwa na mtu wa kumwongoza kama mnyama. Hata namna ya kumbana mpinzani chini alitakiwa aonekane haijui, amlaze kifudifudi badala ya chali. Mhusika asiyezungumza hawezi kumwuliza mtoto jina lake. Wenzake walimfahamu kuwa mtu mpole na mkimya, lakini watoto wa miaka ya 1980 waliomkimbia ukumbini hawakuwa na njia ya kulijua hilo. Walikuja kumsikia baada ya kustaafu, alipoanza kuhojiwa na kuzungumza kwa lafudhi yake ya Mississippi, taratibu, bila kinyongo kingi kuliko alichostahili kuwa nacho. Kisukari kilimkata mguu wa kwanza mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012. Akiwa katika kiti cha magurudumu alitengeneza viti vya mbao kwa mikono yake na kuviuza, na mashabiki wale wale waliokuwa wakimwogopa walimchangia fedha. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, wakati wa janga la Korona.

Kwa hiyo mtu anapotaja wema kati ya wanamieleka na mashabiki, akumbuke pia kwamba wema huo umepita pande zote mbili, na kwamba wahusika wengine walitengenezwa kwa namna iliyomnyima mtu hata nafasi ya kuwa mwema.

Nije sasa kwa yule ambaye najua mlikuwa mkimsubiri, maana jina lake nimeliona kwenye fulana tatu katika mstari wa mbele. Shirika la Make-A-Wish lilianzishwa Arizona mwaka 1980, na kazi yake ni kuwatimizia matamanio watoto wenye maradhi mazito, kuanzia umri wa miaka miwili na nusu hadi miaka 18. Mtoto huulizwa anataka nini kuliko vyote. John Cena alitimiza tamanio la kwanza mwaka 2002. Kufikia mwaka 2022 alikuwa ametimiza 650, na Guinness World Records ikatangaza kwamba katika historia yote ya shirika hilo hakuna mtu mwingine aliyevuka 200. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya watoto 30 kila mwaka, kwa mtu ambaye ratiba yake ilimhamisha mji karibu kila baada ya siku mbili tatu.

Angalieni picha za mikutano hiyo. Cena amevaa kofia yake, fulana ya rangi kali, vitambaa vya mkononi, na mara nyingi mkanda wa ubingwa uko begani mwa mtoto. Yaani hakuvua uhusika. Mtoto aliyeomba kukutana na bingwa hakutaka kuletewa mwigizaji wa makamo aliyechoka kwa safari, anayependa suti na kusoma vitabu. Alitaka bingwa, na bingwa ndiye aliyeingia chumbani. Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na maneno ya mada niliyopewa, kwa sababu hayo tunayoyaita mambo ya nje ya uhusika mara nyingi hufanyika ukingoni mwake, mguu mmoja ndani na mwingine nje, na ustadi wenyewe ni kujua mguu upi utangulie kwa mtoto yupi.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba mtu huyu alizomewa. Kwa miaka mingi, saa chache baada ya kuagana na mtoto nyuma ya jukwaa, Cena alipanda ulingoni, na nusu ya ukumbi, wengi wao wanaume wazima, wakaimba kwa pamoja kwamba hafai kitu, huku watoto na mama zao wakiimba kumtetea. Alikuwa akisikiliza pande zote mbili na kutabasamu.

Mwaka 2022 gazeti la Wall Street Journal liliandika habari za mama mmoja wa Mariupol, Ukraine, aliyekimbia vita pamoja na mwanawe wa miaka 19 mwenye hali ya Down. Kijana hakuelewa kwa nini wanaondoka nyumbani, naye alikuwa akikataa kutoka. Mama akamwambia kwamba wanakwenda kumtafuta John Cena. Kwa maneno hayo akamvusha mipaka mpaka Uholanzi. Cena aliisoma habari hiyo akiwa Ulaya kikazi, akapanda ndege na kwenda Huizen, mji ulio karibu na Amsterdam. Walikaa mchana ule wakijenga kwa matofali ya kuchezea na kula keki.

Mama yule alikuwa amesema uongo, kama tunavyoweza kuuita. Mwanamieleka ndiye aliyekwenda kuugeuza kuwa kweli, na nadhani mtu wa kazi nyingine asingeliona deni hilo kuwa lake. Cena aliishi maisha yake yote kwa kutimiza hadithi zilizoandikwa na watu wengine. Hii nayo iliandikwa na mtu mwingine, njiani, chini ya mabomu.

Kwa takriban miaka 20 alikataa, au waajiri wake walikataa, kumgeuza adui. Ilipotokea hatimaye, mjini Toronto tarehe 1 Machi 2025, alipomgeuka mwanamieleka mwenzake Cody Rhodes, watu wazima walishangilia kwa msisimko, na mimi niliwafikiria watoto waliokuwa na bango lake ukutani. Kwa bahati njema hali hiyo haikumaliza mwaka: kufikia Agosti alikuwa amerejea upande wa wema, na tarehe 13 Desemba alipigana pambano lake la mwisho mjini Washington, akapoteza kwa kusalimu amri mikononi mwa Gunther. Aliondoka kwa kumkuza mwingine, kama desturi ya kazi inavyotaka.

Kuna wakati mguu wa nje ndio unaopaswa kutangulia. Tarehe 22 Oktoba 2018 Roman Reigns, aliyekuwa bingwa, alipanda ulingoni mjini Providence, akawaambia watu kwamba jina lake halisi ni Joe, kwamba ameishi na saratani ya damu kwa miaka 11, na kwamba imerudi. Akauweka mkanda sakafuni. Ukumbi uliokuwa na desturi ya kumzomea ulisimama. Aliporejea Februari 2019 alikuwa amepata kundi jipya la mashabiki ambao hawakuhitaji kuelezwa hadithi yoyote, yaani watoto wenye saratani, na amekuwa akikutana nao tangu hapo.

Mexico wana mfano ambao siwezi kuupita, ingawa muda unanibana. Padri Sergio Gutiérrez Benítez alikuwa akilea yatima huko Texcoco, na sadaka hazikutosha. Akavaa kinyago, akajiita Fray Tormenta, akapigana kwa miaka 23 ili watoto hao wapate chakula. Kwake uhusika haukuwa ukuta kati yake na wema. Kinyago ndicho kilicholeta unga nyumbani.

Sasa nirudi kwa wale wa upande wa kupinga, kwa sababu sikuja kuwauzia malaika. Ni kweli kwamba kampuni kubwa hurekodi ziara za hospitali na kuzionyesha, na ni kweli kwamba picha za mtoto mgonjwa hufuta picha nyingine ambazo kampuni haipendi zionekane. Tusisahau pia kwamba kampuni hizo zimekuwa zikiwahesabu wanamieleka kama wakandarasi huru, si waajiriwa, kiasi kwamba mtu anayegawa faraja wodini hana hakika ya bima yake mwenyewe atakapolazwa. Wapo wanamieleka waliowapungia watoto wa wengine na kuwadhuru watu wa nyumbani kwao. Wema kwa mashabiki haufuti lolote kati ya hayo, na mzazi anayemkataza mtoto wake kumwabudu mwanamieleka yeyote yuko sahihi.

Lakini kamera haielezi kila kitu. Mwanamieleka Diamond Dallas Page, baada ya kustaafu, alianzisha mazoezi ya viungo yenye mchanganyiko wa yoga. Askari mstaafu wa miamvuli, aliyeharibika magoti na mgongo na kuambiwa na madaktari kwamba hatatembea tena bila vifaa vya kumsaidia, alinunua mazoezi hayo. Page hakumwona kuwa mteja mmoja tu kati ya maelfu. Alianza kumwandikia na kumpigia simu, mwezi baada ya mwezi, wakati hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa kamera ndogo ambayo askari mwenyewe aliitega nyumbani na kujirekodi akianguka, akiinuka, akianguka tena. Alipungua zaidi ya kilo 45. Dunia iliziona picha hizo baadaye, akiwa anakimbia. Page huyohuyo aliwachukua nyumbani kwake Atlanta wanamieleka wenzake Jake Roberts na Scott Hall, waliokuwa wameangamizwa na ulevi, akakaa nao. Simjui mshauri wa matangazo ambaye angempangia kazi hiyo.

Tena kuna aina ya wema ambayo sisi hapa huenda tusiitambue. MJF, adui hodari wa kizazi hiki, hujulikana kwa kuwatukana mashabiki hata mezani anaposaini picha, watoto wakiwamo. Wazazi wa kwetu wangemwita mzazi wake. Lakini ukiwatazama mashabiki wenyewe wanaopanga foleni na kulipa, wanaondoka wakicheka. Walikuja kwa ajili ya tusi, na angewapa tabasamu wangehisi wamepunjwa. Mimi bado nasitasita kuhusu watoto. Kwa watu wazima, namwelewa.

Nimalizie na jambo la nyumbani. Mukono, nchini Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling wamejitengenezea ulingo wa udongo laini, nguzo na kamba, na video zao zimetazamwa duniani kote. Udongo ule ulichaguliwa kwa sababu hawakuwa na fedha za ulingo wa kawaida, lakini pia unapokea mgongo wa anayeanguka. Nafurahi kwamba nchi iliyopachikwa jitu la kubuni sasa ina wanamieleka wake halisi, wanaojiita majina waliyojichagulia wenyewe. Nimeambiwa kwamba humu ukumbini wapo vijana wanaotaka kuanzisha kikundi cha namna hiyo. Nina ombi moja kwao, na nimemweleza Mwenyekiti tayari. Onyesho lenu likiisha, msikimbilie kubadili nguo. Kaeni nusu saa, palepale ulingoni, watoto waje. Na yule aliyekuwa adui usiku huo asijifiche nyuma ya pazia, kwa sababu kuna mtoto mmoja aliyekuwa akitetemeka tangu pambano la pili, na ni yeye peke yake anayeweza kumtuliza. Akitaka kurusha ngumi, mwacheni arushe, na anayepigwa aanguke vizuri.

Ahsanteni sana. Mwenyekiti, naona mzee mmoja ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja chaga za vitanda, kwa hiyo tuanze na yeye.